Pilau Iliyongoja Magharibi

Juzi, kumi la mwisho la Ramadhani lilipokaribia, msikiti wetu wa huku Mbweni ulituletea ujumbe kwenye simu. Wanawake wanaotaka kukaa itikafu wajiandikishe mapema, nafasi ni chache. Kila mtu aje na shuka lake. Feni zisiletwe, kiyoyozi kipo. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikaisahau tambi motoni ikashika chini. Kiyoyozi! Laiti ungekiona chumba nilichokalia itikafu yangu ya kwanza.

Kama hujawahi, itikafu ni kuhama. Unaiacha nyumba yako, sufuria zako na ugomvi wako, unahamia msikitini kwa nia ya ibada. Unakula humo, unalala humo, na hutoki ila kwa haja isiyokwepeka. Mimi nilikuwa darasa la tatu, tunakaa Temeke, na aliyenipeleka ni Bibi yangu mzaa mama. Majirani wote walisema mashallah, mtoto mdogo vile akae kumi zima! Hawakujua kwamba nilikuwa nimefichwa.

Bibi na Babu walinilea tangu nilipoachishwa ziwa. Mama alikwenda kutafuta maisha, akayapata, akaolewa, akahamia Mbweni, enzi hizo Mbweni bado ni vichaka na misingi ya nyumba. Kwangu alikuwa mgeni mzuri anayenukia, anayekuja na viatu. Viatu vyenyewe vilinibana kila mara, kwa sababu alinunua kwa kuukumbuka mguu wa safari iliyopita. Nilivivaa, nikakunja vidole, nikasema ahsante. Akishaondoka, Bibi anavigawa kwa watoto wa jirani.

Mwaka ule alikuja katikati ya mfungo akasema nyumba imekwisha, chumba changu kipo tayari, anataka nikale Idi kwake na nisirudi tena. Babu akasema ni haki yake, mtoto ni wa mama yake. Bibi hakusema neno. Mtu yeyote aliyemjua Bibi angeingiwa na hofu hapo hapo, maana hakuwa mtu wa kunyamaza. Hata akipiga mswaki alikuwa anakuhadithia. Mama alipokwenda zake, Bibi akangoja wakati wa futari, akamwomba Babu ruhusa ya kukaa itikafu, kwa kuwa mke haendi bila ruhusa ya mumewe. Babu alifurahi, akaitoa kabla hajamaliza kutafuna tende.

“Na mtoto nakwenda naye,” Bibi akasema. “Ameshatia nia.”

Babu alibaki na kokwa mdomoni. Ujanja wote ulikuwa hapo. Mtoto akiwa nyumbani, mama yake anakuja, anamshika mkono, wanaondoka. Mtoto aliyetia nia na kuhamia msikitini, nani atakwenda kumtoa? Mama alipopigiwa simu akasema, basi, atakuja Idi mosi.

Nami nilitaka nifichwe, nisikudanganye. Nililala na Bibi kitanda kimoja, nilijua kikohozi chake cha kweli na cha uongo. Mama nilimwogopa jinsi mtoto anavyoiogopa shule mpya. Usiku, kabla ya usingizi, nilikuwa najaribu kukumbuka uso wake, nikawa napata hereni tu.

Chumba cha wanawake kilikuwa juu, unapanda ngazi ya zege isiyo na pa kushikia. Mikeka chini, pazia la kanga mbili zilizoungwa, na feni moja iliyogonga kila ikizunguka, kiasi kwamba umeme ukikatika sote tulikuwa tunashtuka kwa ukimya. Kulinukia udi, mafuta ya nazi, na baada ya Alasiri miguu ya watu waliofunga. Kila mmoja alikuwa na pembe yake: msahafu, chupa ya chai, kifurushi cha nguo. Mwalimu wangu wa madrasa ndiye aliyekuwa kiongozi wetu, mama mwembamba mwenye sauti ya chini ambayo hata hivyo ilifika kila pembe. Siku ya kwanza alitutazama mmoja mmoja akasema, “Tumbo limefunga. Ulimi nao ukae itikafu.” Nilimwona Bibi anameza mate.

Kunyamaza kulimtesa Bibi kuliko njaa. Kupiga soga kulikatazwa, basi akavumbua lugha ya kukohoa na kupandisha nyusi. Mtu akikoroma, nyusi. Mtu akiingia na dera jipya, kikohozi kirefu. Mimi nilikuwa nacheka chini ya mtandio mpaka Mwalimu ananiita niende kujaza ndoo za udhu. Kazi zangu zilikuwa hizo: kujaza ndoo, kufagia mikeka, kupanga viatu mlangoni, na baada ya hapo kusoma juzuu yangu kwa kidole. Baada ya Adhuhuri wote walilala, na barabarani chini nilisikia muuza barafu anapita, na dunia ikaonekana iko mbali kweli, wakati nyumbani kwetu palikuwa mitaa michache tu kutoka pale.

Kila siku kabla ya Magharibi Babu alikuja chini ya ngazi, akakohoa, nami nikashuka kupokea futari. Alipika mwenyewe, masikini. Uji wake wa pilipili manga ulikuwa na mabonge, mihogo yake ya nazi ilikuwa migumu ndani na imeungua nje. Bibi alilifunua bakuli, akalitazama kwa muda, kisha akala yote bila hata kupandisha nyusi, wakati majirani wameleta magimbi, kalimati na tambi za kupendeza. Jioni moja Babu alinishika bega akasema, “Mwambie bibi yako nyumba imekuwa kubwa.” Nikapanda nikamwambia. Bibi akafungua msahafu na hakugeuza ukurasa mpaka Isha.

Sasa nikueleze jambo la mwezi, maana bila hilo hutaelewa. Nyumba yetu ilikuwa na Idi mbili. Babu alisema tunafungua kwa mwezi ulioonekana hapa kwetu. Bibi alisema mwezi ni mmoja, ukionekana popote duniani umeonekana. Kila mwaka zikipishana, Bibi alipika pilau Babu akiwa amefunga, na kesho yake Babu alivaa kanzu Bibi akiwa ameshaanika vyombo. Walibishana wiki nzima kwa raha zao. Mimi nilikula Idi zote mbili na sikuona ubaya wa tofauti ya wanazuoni. Msikiti ule ulikuwa wa upande wa Babu, lakini kila mtu alijua Bibi ni wa upande gani, kwa kuwa alilisema hilo sokoni, kisimani na misibani.

Basi jioni ya siku ya ishirini na tisa simu zikaanza kulia. Mwezi umeonekana nje! Wanawake kadhaa wa kundi la Bibi wakakunja mikeka, wakakumbatiana, wakashuka mbio kwenda kukata vitunguu. Baadaye Mwalimu akapanda na habari za msikiti: hapa nchini haukuonekana, kesho tunafunga, tunakamilisha thelathini. Kisha akamgeukia Bibi na tabasamu, akimngoja naye ainuke aage.

Bibi alikunja kanga yake ikawa mto, akalala chali.

“Mama, huondoki na wenzio?” Mwalimu akamwuliza.

“Niondoke niende wapi? Kwani mie nimeuona huo mwezi?”

Chumba kizima kiligeuka. Hata waliokuwa wakikoroma waliamka. Bibi akatazama juu kwenye feni akasema, “Alhamdulillah,” kwa sauti, na sijamsikia mtu akishukuru kufunga siku ya ziada kwa moyo kama ule. Nami nikajua anachoshukuru. Idi mosi ikiwa kesho, nachukuliwa kesho. Nilijivuta nikaweka kichwa kwapani mwake.

Asubuhi mama yangu alifika na Idi yake yote. Yeye katika mambo ya mwezi alilelewa na Bibi, kwa hiyo kwake sikukuu imeshaingia. Dera la hariri, hina mpaka kwenye viwiko, hotipoti kubwa ya pilau mkono mmoja, na mkono mwingine gauni langu jipya. Alinipima nalo mabegani, lilikuwa kubwa. “Makusudi,” akasema. “Utalikulia kwangu.” Kisha akamwinamia mama yake.

“Shikamoo mama. Idi mubarak.”

“Marahaba. Idi gani? Sie tumefunga.”

Mama alidhani ni utani. “Mama! Si wewe uliyetugombeza miaka yote, mwezi ni mmoja, mwezi ni mmoja?”

“Miaka hiyo niliazima macho ya watu. Mwaka huu nataka kuuona kwa macho yangu mwenyewe.”

Bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Uzi kwenye sindano nilimtungia mimi. Mama alimtazama usoni, akayatazama macho yale, halafu akaniona mimi nimeishika kanga ya Bibi kwa ngumi mbili. Nilimwona anaelewa. Angeweza kusema mengi pale. Watu walikuwa wanasikiliza kwa masikio yaliyosimama, na haki ilikuwa yake. Alivua hereni akazitia kwenye pochi, akaisukuma hotipoti ukutani, akakaa.

“Mtoto si lazima afunge, mama,” akasema polepole. “Mwache ale.”

“Mwulize mwenyewe.”

Rafiki yangu, ile pilau ilikuwa inanukia. Kifuniko hakikukaza, na harufu ya iliki na nyama ilipita pale ikamgusa kila mtu puani. Mate yalinijaa. “Nimefunga,” nikasema, na nikageukia ukutani ili nisikione kile chombo.

Baadaye nilishuka kujaza ndoo nikamkuta mama bombani. Alikinga maji kwa kiganja akanywa mafunda mawili, akajifuta mdomo na ukingo wa ushungi, akapanda tena. Nilikimbia kumshitaki kwa Mwalimu kwamba mama yangu anakula mchana. Mwalimu akaniketisha chini. Akaniambia kwamba kwa mama yangu leo ni Idi, na kufunga siku ya Idi ni haramu. Amekunywa yale maji ili isiwe saumu. “Lakini kula hatakula,” akasema, “mpaka nyie mle.”

Nilirudi nikamtazama mama yangu kwa mara ya kwanza bila haraka. Alikuwa na kidoti kidogo chini ya jicho kama changu. Amekaa siku ya sikukuu yake kwenye mkeka wa watu waliofunga, dera limekunjamana, tumbo linaunguruma mpaka linasikika, na hakunivuta, hakunibembeleza, hakuniuliza kama nampenda. Alichukua miguu ya Bibi akaipakata akawa anaikanda. Bibi akajifanya amelala. Alasiri nilisogea karibu yao kidogo, na nilipoamka kutoka usingizini nilikuta kichwa changu kiko juu ya paja lisilo la Bibi. Sikukiondoa.

Ilipoadhiniwa Magharibi tulikula tende, kisha Bibi akaivuta hotipoti mwenyewe akaifunua. Pilau ilikuwa imepoa na mafuta yameganda pembeni. Akamega tonge, akatafuna akiwa amefumba macho, na chumba kizima kikangoja hukumu.

“Chumvi ndogo,” akasema. Akamega jingine. “Nyama imeiva.” Akamega la tatu, na hapo, bila kuinua uso, akaanza kusema kama anayeagiza vitu dukani.

“Huyu bamia hali. Usimlazimishe, atatapika.”

“Ndiyo mama.”

“Usiku anapiga mateke. Mlaze upande wa ukutani.”

“Ndiyo mama.”

“Nywele za kisogoni zinamuuma. Anza kuchana kwa ncha, kidogo kidogo. Akilia acha, endelea kesho.”

“Ndiyo mama,” na mara hii sauti ya mama yangu haikutoka vizuri. Mimi nilikuwa na mfupa mkononi. Nilijua nimeshatolewa, na niliendelea kula kwa sababu pilau ilikuwa tamu, na machozi yananidondokea kwenye sinia, na hakuna hata mmoja wao aliyeniambia nyamaza.

Kesho yake, baada ya swala ya Idi, tulishuka. Babu alikuwa chini na kanzu yake, akakichukua kifurushi cha Bibi. Bibi aliniweka sawa mtandio, akaufunga, akaufungua, akaufunga tena. Wakaondoka wawili, yeye mbele anaongea, Babu nyuma anaitikia, na nilimsikia anaongea mpaka walipokata kona. Itikafu ya ulimi ilikuwa imekwisha.

Chumba kile hakipo tena. Msikiti ulijengwa upya, na ndugu wa huko wananiambia ni mzuri. Babu alitangulia, Bibi akafuata kabla sijamaliza shule. Mama nilikaa naye, nikamzoea, halafu nikampenda sana, na mwaka juzi naye tumemzika. Siku zile nilidhani nimeonewa, kuwa mtoto wa kuvutwa na wanawake wawili, mmoja anaongeza siku ya mfungo asiyoiamini na mwingine anashinda na njaa siku ya sikukuu yake. Sasa mwezi ukiandama huwa nabaki kidogo mkekani wenzangu wakishuka mbio. Sina haraka. Hakuna tena wa kunigombea.