Tumbo la Mashine

Mwaka 1976, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alikufa na shule yangu ikafa naye. Nilikuwa darasa la tatu. Naandika hivi mnavyoona, na asiyependa aache kusoma. Tulipoanua matanga mama alinipa fyekeo, tukaenda kusafisha mikorosho ya watu. Chini ya mkorosho panatakiwa pawe peupe kabla korosho hazijaanza kudondoka. Kazi hiyo nimeifanya nikiwa mtoto, nikiwa mwali, nikiwa na mimba, nikiwa mjane. Mgongo wangu umepindwa na majani ya watu. Kwa hiyo mambo ya majani msinifundishe.

Ukubwani nikapata kazi kwenye nyumba za wageni upande wa Msimbati, mali ya tajiri mmoja wa Mikindani. Uwanja ulikuwa mpana, majani ya kupandwa. Nafyeka kwa mkono, nikifika mwisho, nilipoanzia pameshaota. Ndipo tajiri akaleta mashine ya kukatia majani, ile ya kukalia. Haikuwa mpya. Waliishusha kwenye lori kwa mbao: kiti, usukani, magurudumu manne, na chini ya tumbo lake bakuli kubwa la chuma lililofunika visu.

Dereva aliyeileta akaiwasha, akazunguka uwanja. Nyuma yake majani yalilala kama mkeka uliotandikwa. Kazi yangu ya asubuhi nzima yule bwana aliimaliza amekaa, hata jasho hana. Niliinama nikayapapasa yale majani. Yote kimo kimoja. Nilipapasa huku na huku nikitafuta walau palipokosewa, sikupaona.

Dereva aliporudi zake mjini, nikamwambia tajiri nifundishwe mimi. Mlinzi wa geti akacheka mpaka akashika ukuta.

"Bibi, hicho si kinu."

"Kinu kimenizoea," nikamjibu. "Na hiki kitanizoea."

Kikanizoea. Nilijifunza kupima oili kabla ya kuwasha, kukung'uta kichujio cha hewa, maana mchanga wa kwetu ni laini kama unga na injini ikiuvuta imekwisha. Visu nilivinoa kwa tupa, halafu nikavitundika katikati kwenye msumari. Upande unaoshuka ndio mzito, unaupunguza. Kisu kisicho sawa kinatikisa mashine nzima, na mashine inayotikisika hujifungua yenyewe, nati moja moja. Mwanamke kwenye usukani, watu walikuja kutazama. Wazoee, nikasema, na wakazoea.

Lakini tulikuwa na jambo moja baya na hatukulijua. Sisi wa pwani kitu tukikipenda tunakiosha. Kila jioni mlinzi aliivutia mashine mpira wa maji, akaimwagia juu na chini, ikameta, tukafurahi. Maji yenyewe ni ya kisima cha pale pale, ukipikia chai unaijua chumvi yake. Juu ilimeta. Tumboni, mahali pasipoonekana, majani mabichi yalikuwa yamegandamana na chumvi, na bakuli linaliwa.

Siku ikafika, nikiwa katikati ya uwanja, kipande cha bakuli kikaanguka. Ekseli ya kisu ikakwama, mkanda ukatoa moshi, injini ikazima. Tulipoipindua, bakuli lilikuwa kama chujio la tui. Tajiri alitazama, akasema hana haja ya kuhangaika, mnunuzi wa chuma chakavu anapita Ijumaa baada ya swala, atabeba.

Nilielewa maana yake. Mashine ikibebwa, mimi narudi kwenye fyekeo, na mgongo huu haurudi kwenye fyekeo. Nikamwambia tajiri: "Mzee, mpaka Ijumaa ni yangu. Ikiwaka ikakata, usimpe yeye. Nipe mimi, nami nitakukatia uwanja huu maadamu inatembea." Akanitazama kama mtu aliyeombwa jiwe. Akasema haya.

Nikamfuata shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, fundi wa mashine za boti. Ndiye aliyeonja maji ya kile kisima, akatema, akasema tumekuwa tukiiosha kwa bahari. Akakata bati nene la pipa, akaliziba bakuli kwa ribiti. Beringi ya kisu iliyokwama aliing'oa, akatia nyingine. Kisha akachukua sifa, yale mafuta ya ini la papa wanayopaka vyombo vya baharini visioze, akanipa brashi. Nililala chini ya mashine nikapaka tumbo lote, tabaka moja, likikauka jingine. Mlinzi alijifunga kitambaa puani.

"Bibi, wageni watadhani tumezika nyangumi."

"Watadhani. Wewe lete tambara."

Injini ndiyo iliyonitia hofu. Nilijua kama chumvi imekula chuma kinene namna ile, huko ndani kusizungumzwe. Shemeji akafungua kichwa cha injini, akamulika. Kisha akaniita: "Shemeji, njoo uone."

Nikaona. Ndani ya lile dude lililopigwa na jua, mvua, mchanga na maji yetu ya chumvi, silinda ilikuwa inang'aa kama upande wa ndani wa chaza. Hakuna kutu. Hakuna mkwaruzo. Oili tu, miaka yote ile, imekaa kati ya chuma na chuma ikakilinda, na oili ile nilikuwa naitia mimi kwa mkono wangu. Nilitia kidole nikapapasa. Nilisema Allahu Akbar, wala sikusema kwa sauti.

Ijumaa mnunuzi alikuja na mizani yake, tajiri amesimama pembeni kwenye kanzu ya msikitini. Nikakaa, nikageuza ufunguo. Ikakohoa. Nikageuza tena, ikakohoa ikafa. Mnunuzi akaanza kukunjua kamba. Shemeji akalegeza kitu kwenye kabureta, akaniashiria kwa kidole. Nikageuza. Ikanguruma, moshi ukatoka mweupe, halafu ukakatika, na mlio ukatulia. Nikashusha visu, nikaenda mpaka mwisho wa uwanja na kurudi.

Mnunuzi alitazama majani, akakunja kamba yake. "Mzee," akamwambia tajiri, "mimi nanunua maiti. Huyu mzima."

Tajiri hakuvunja neno lake. Toka siku ile mashine haijaoshwa kwa maji. Ninakwangua tumbo kwa kipande cha mti likiwa kavu, kila baada ya mvua kubwa napaka sifa, na nakata: uwanja wa tajiri kama nilivyoahidi, viwanja vya mpira, shule mpaka Ufukoni, na palipo tambarare chini ya mikorosho.

Leo nina nyumba ya matofali, vyumba vinne, bati jipya. Shamba la mikorosho, langu. Mbuzi. Pikipiki ya kuvutia tela. Kibanda cha kufungwa kwa kufuli. Mashine mbili za kukatia majani za kukalia: ile, na nyingine niliyoinunua dukani, ambayo imeshakufa mara mbili.