Tochi Iliyokwama kwenye Bunduki

Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia, lakini aibu ninayo.

Mimi ni polisi wa akiba kijijini kwetu, bara ya Kwale. Bunduki niliyopewa ndiyo inayotufukuzia ndovu tangu walipomuua mume wa jirani yangu, Bi Mwanasiti. Mwanangu wa Ukunda alinifungia tochi kwenye mtutu, akaibana kwa pete ya kuzungusha. Kumbe kufunga vitu vya dukani kwenye bunduki ya serikali hakuruhusiwi, na wakaguzi walikuwa njiani.

Nilitoa risasi, nikapiga Bismillahi, nikaizungusha pete upande wa kulia ili kuitoa tochi, maana tangu chuo cha Kurani nimefunzwa kuanza jambo jema kwa kulia. Ikakazika. Nikaipaka mafuta ya nazi, nikazungusha kulia tena.

"Babu, hebu jaribu kushoto," Bi Mwanasiti aliniambia kutoka uani kwake.

"Kushoto ni kwa kustanjia chooni, mwanangu."

Subira iliponiishia, nikashika nyundo.

Afisa aliyekuja alikuwa binti mwenye adabu. Aliniamkia shikamoo, kisha akaizungusha pete kushoto. Iligoma kidogo, ikatoka. Lakini kile kidude cha mbele cha kulengea shabaha kilikuwa kimepinda kwa nyundo yangu. Akaichukua bunduki, akaifungia garini.

"Itarudi lini, mwanangu?"

"Sijui, babu."

Gari lilipoondoka, Bi Mwanasiti hakunicheka. Aliniletea debe tupu na mwiko.

"Jua linatua, babu. Ndovu wakija, piga kwa mkono wowote."