Choo cha Mlisha Nguruwe

Mgodini Geita nilipima choo cha wachimbaji kwa hadubini, nikitenganisha vijidudu aina kwa aina. Asubuhi moja vipimo tisa vilikuwa na kijidudu kilekile adimu, kimejifungia ndani ya ganda, kiini chake kama haragwe. Kile hutoka kwa nguruwe, na kambini mtu mmoja tu alilisha nguruwe wa meneja. Nikaelewa: wale tisa waliogopa kufukuzwa kazi wakikutwa wagonjwa, wakamwomba huyo mlishaji choo chake wakilete kama chao, kwa kuwa ndiye aliyenona kuliko wote, wakamdhani mzima. Nilikasirika kufanywa mjinga. Nikawaandika wote wagonjwa, wala sikuwapima upya. Waliondoka kwa miguu kurudi kwao Samuye, mwaka wa njaa. Walifika sita.