Nilichagua Jiko kwa Mikono Yangu, Nikamfukuza Wifi Yangu kwa Mdomo Wangu

Msinionee huruma haraka. Najua mkifika katikati mtaanza kumlaani mume wangu, na kweli alinitenda! Lakini yupo mtu ambaye mimi nilimtenda vibaya kuliko nilivyotendwa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Nilikosa. Nilikosa nikiwa na akili zangu timamu, mchana kweupe, mbele ya watu wanaosali.

Majina nimebadili, isipokuwa la wifi yangu. Walionifahamu watanijua tu, na wanijue.

Mimi ni mtu wa ziwani, kijiji cha Kihagara. Niliolewa huko juu Umatengo, kwa mkulima wa kahawa ambaye nitamwita Baba Fidelis. Nilipofika sikujua lugha yao, sikujua kulima ngoro, yale mashimo ya kilimo cha mteremkoni, na baridi ilikuwa inaniliza. Aliyenipokea ni dada yake mume wangu, Osmunda. Alikuwa mjane aliyerudi kwao, akapewa kibanda nyuma ya nyumba yetu na kipande cha mibuni.

Huyo mama alinifundisha kila kitu. Alinifundisha kusalimia kwa Kimatengo watu wakaacha kunicheka. Nilipojifungua Fidelis, mvua inanyesha na mkunga hajafika, mikono iliyompokea mtoto ilikuwa ya Osmunda. Kumbukeni hilo mnaposoma yanayofuata.

Sasa, wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia Mbinga, mambo yalibadilika. Zamani ulipeleka kahawa chama cha msingi cha ushirika ukasubiri malipo mpaka unasahau. Wale walikuja na fedha mkononi. Mume wangu alikuwa mchangamfu, anajua kuongea, wakamfanya wakala wao. Ghafla tukawa watu! Bati jipya, baiskeli ikawa pikipiki, na kiwanja mjini Mbinga.

Nyumba ya mjini ilianza kupanda. Matofali ya kuchoma, madirisha ya vioo, vyumba vya kutosha. Siku moja Baba Fidelis akaniambia, "Mama Fidelis, nyumba ya kisasa haipikiwi kuni. Twende Dar es Salaam uchague jiko. Wewe ndiye unayejua mambo ya jikoni."

Jamani! Mimi nilisoma ufundi wa nyumbani misheni nikiwa msichana. Oveni niliijulia huko, nikajifunza kuoka mkate na keki, na tangu niolewe sikuwahi kuigusa tena. Nililia kwa furaha. Nilimkumbatia mbele ya watoto, jambo ambalo kwetu halifanyiki.

Dar es Salaam tulizunguka maduka mpaka miguu ikavimba. Biashara ilikuwa imefunguliwa, vitu vya nje vimejaa, usichague! Nikaliona. Jiko kutoka Italia, pana kama meza ya sebuleni, plate sita za gesi, oveni yenye kioo na taa ndani, chuma chake kinang'aa unajiona uso. Yalikuwepo ya umeme mazuri pia, lakini nikasema hapana, umeme wa Mbinga ni wa jenereta, leo upo kesho haupo. Nikafungua mlango wa oveni nikaufunga, nikafungua tena. Nikaingiza mkono kupima kama mbasa mzima, samaki wetu wa ziwani, ataenea. Nikageuza kila swichi. Muuza duka akasema, "Mama, wewe unajua. Wengi wanaangalia rangi tu."

Mume wangu alisimama pembeni anatabasamu. Aliuliza swali moja tu: "Mtu mrefu hataumia mgongo akipikia hapa?"

Mimi ni mfupi, kifuani kwake sifiki. Nilicheka! Nikamwambia, "Kumbe na wewe utapika?" Naye akacheka. Muuza duka akatuletea vibao vya kuinulia miguu ya jiko, tukalipa, likabaki kusubiri lori la kwetu.

Niliporudi kijijini sikukamatika. Kisimani ni jiko, kanisani ni jiko. Nilishaanza kuwaambia wanawake wenzangu kuni zinaharibu macho, kana kwamba mimi macho yangu yalitunzwa na nini.

Osmunda alinikuta siku moja kwenye vichanja, nageuza kahawa iliyoanikwa. Akaanza kugeuza pamoja nami. Kisha akasema, "Wifi, ile nyumba ya mjini usiiwekee moyo."

"Kwa nini?"

"Kaka yangu alitaka kunipeleka mjini nikamsalimie mtu. Ni msichana. Aliniambia nikiulizwa niseme wewe hupo. Nimekataa. Nimeona nikwambie kabla hujaaibika."

Niliitupa chini kahawa niliyoshika. Nikamwambia, "Sema ukweli, Osmunda. Unaona wivu. Mumeo amekufa, huna nyumba, sasa unataka na mimi nisiwe nayo!"

Aliinama akaokota zile punje moja moja, akazirudisha kwenye kichanja, akaondoka.

Baba Fidelis aliporudi nilimweleza. Mngeuona uso wake! Alitikisa kichwa kama mtu mwenye huzuni. "Mke wangu, sikutaka kukwambia. Dada yangu si mtu mzuri. Hujiulizi mume wake alikufaje? Mtu mzima na afya yake, anaamka anaumwa tumbo, jioni hayupo. Anataka na nyumba yetu isambaratike."

Nilimwamini. Wala sikukesha nikifikiri, wala sikumuuliza mtu. Nilimwamini kwa sababu nilitaka jiko langu! Huo ndio ukweli, na unanuka hata kwangu mwenyewe ninapouandika.

Siku ya sala ya jumuiya tulikutana kwa jirani. Tumemaliza kusoma Injili, mwenye nyumba akauliza nani ana nia ya kuombea. Nikasimama. Nikasema, "Naomba mniombee. Nyumbani kwangu kuna mtu anayeniroga, na yumo humu ndani. Aliyemmaliza mume wake sasa anataka kunimaliza mimi."

Watu wote wakageuka wakamtazama. Osmunda alikuwa amekaa karibu na mlango, rozari mkononi. Aliniita kwa sauti ndogo, "Wifi?" Kama anauliza kama ni mimi kweli. Nikakaza macho ukutani.

Basi. Tangu siku ile hakuna aliyepokea chakula chake. Akichota maji, wanawake wanasubiri aondoke kwanza. Watoto walikatazwa kupita mbele ya kibanda chake. Mume wangu akamnyang'anya mibuni, akisema hawezi kufuga nyoka. Osmunda akafunga nguo zake kwenye kanga, akaenda Tingi kwa ndugu za mama yake. Hakuniaga. Nilimwona akishuka njia ya bondeni, nikasema moyoni, afadhali.

Afadhali! Mungu wangu!

Miezi ikapita. Kila nikiuliza jiko, mume wangu anasema lori limekwama, barabara ya Songea imekuwa tope tupu. Ni kweli ilikuwa tope, sikuwa na shaka. Ndipo nikaenda Mbinga sokoni, nikakutana na utingo mmoja, kijana wa kijijini kwetu. Akaniambia, "Mama Fidelis, lile jiko lenu tulilishusha juzi, mgongo wangu bado unauma! Mzee hajakukaribisha tu?"

Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri ananiandalia jambo la kunishtua kwa furaha. Mjinga mimi! Nikanunua unga wa ngano, hamira na siagi, nikapanda kwenye ile nyumba natembea kama bibi harusi.

Nikabisha hodi. Akafungua msichana mrefu, mrefu kama mume wangu, ana mimba kubwa. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, dada! Karibu. Wewe ndiye dada yake, sivyo? Aliniambia utakuja. Alisema dada yake wa kijijini ndiye aliyelichagua jiko."

Kabla sijasema lolote nikasikia harufu ya gesi, nzito, imejaa nyumba. Msichana akageuka kwenda jikoni akisema, "Najaribu kuwasha hii oveni tangu asubuhi, dada, inakataa," na mkononi ana kiberiti. Ameshatoa njiti.

Nawaambia ukweli wote, maana ndiyo maana ya kuungama. Kuna kitambo kidogo sana ambacho nilisimama tu. Niliiona ile njiti na sikusogea.

Kisha nikaruka. Nilimpiga mkono kiberiti kikaruka huko, nikafunga swichi, nikafunga mtungi, nikasukuma madirisha yote. Yeye analia, anauliza amekosa nini. Nikamtoa nje, nikamkalisha kwenye ngazi. Unga wangu ulikuwa umemwagika sakafuni.

"Mimi si dada yake," nikamwambia. "Mimi ni mke wake. Tulifunga ndoa kanisani. Mama Fidelis."

Alinitazama kama ameona mzimu. "Mama Fidelis amekufa," akasema. "Aliniambia alifia kwao ziwani. Watoto wanalelewa na dada yake."

Haya! Kumbe mimi ni maiti! Maiti iliyosafiri mpaka Dar es Salaam ikapima oveni na kuletewa vibao vya kuinulia jiko, ili mtu mrefu asiumie mgongo! Kumbe alimhitaji dada wa kuonyesha, dada yake wa kweli akakataa kusema uongo, na mimi nikamfukuza huyo huyo. Alitumia mikono yangu kuchagulia jiko la mwenzangu, na mdomo wangu kumwondoa shahidi.

Yule binti sikumtukana. Alikuwa amedanganywa kama mimi. Kabla sijaondoka nilimwonyesha jinsi ya kuwasha, nikamwambia asithubutu kufungua swichi kabla ya kuwasha njiti. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Labda kwa sababu ya kile kitambo nilichosimama.

Baba Fidelis alipokuja kijijini nilimngoja uani. Nikamuuliza, "Nilikufa kwa ugonjwa gani?"

Hakuona hata aibu. Alivua kofia akasema, "Usikuze mambo, Mama Fidelis. Jiko ni chuma tu. Nitakununulia jingine."

Alihamia mjini moja kwa moja. Mimi nilibaki na watoto na mibuni, na wanawake wale wale niliowatambia jiko wakawa wananipisha njiani wakijifanya wanakohoa. Hapo ndipo nilipojua siku za Osmunda zilikuwaje. Na zangu zilikuwa nusu tu, maana mimi walinicheka, yeye walimwogopa.

Nilikwenda Tingi. Nilimkuta shambani kwa wajomba zake, anapalilia mihogo, amekonda. Nilipiga magoti kwenye matuta. Niliongea mpaka sauti ikaisha. Akanisikiliza, akanipa maji, akanipikia ugali kwa maharage, akaniangalia nikila.

Ndipo akasema, "Wifi, mimi nilishakusamehe, nilimwambia Mungu na padre. Lakini siku ile hukuniambia mimi peke yangu. Uliwaambia watu. Je, hao umewaambia?"

Nikainamisha kichwa. Sikuwa nimewaambia.

Nilirudi, nikasimama kwenye jumuiya ile ile, nikasema nilidanganya. Wengine walilia. Mzee mmoja akasema, "Tumekusikia, mama," na tukaendelea na wimbo. Nilidhani yamekwisha. Mwaka uliofuata Osmunda alikuja kumzika shangazi yake, na msibani nikamwona mama mmoja akimvuta mtoto wake ampitie mbali. Yule mama hakuwepo siku nilipokanusha. Alikuwepo siku niliposema. Osmunda hakulala msibani. Hajarudi tena.

Wanawake wenzangu, mnaojengewa na mnaosubiri vitu vya kung'aa: mtu wako akikwambia jambo linalouma, nenda ukaangalie kwa macho yako kabla hujafungua mdomo. Kuiona ile nyumba kungenichukua asubuhi moja tu, kwenda na kurudi. Na neno "mchawi" msilichezee, hata kwa hasira, hata likiwa limetoka kwa mume wako. Nimezunguka nikijaribu kuliokota na sijalimaliza.

Wengi mliokuwepo siku ile mmehamia Songea, wengine Njombe, wengine Dar es Salaam. Sina njia ya kuwafikia mmoja mmoja. Basi someni hapa, na mumsomee asiyejua kusoma: mume wa Osmunda aliumwa tumbo akafa, kama watu wanavyokufa. Osmunda hakumroga mtu. Mimi ndiye niliyesema, na nilisema uongo.