Mgongo wa Muuza Sambaza

Leo mchana harufu ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wakikaangwa kwa jirani iliingia hadi ukumbini, nikiwa nimesimama nje ya mlango wa binti yangu. Hii ni wiki ya tatu anajifungia humo bila kusema na mtu, na chakula nilichomwekea mlangoni kimepoa.

Kule Rubona nilikokulia, karibu na mpaka wa Goma, harufu hiyo ilikuwa ya jirani yetu, muuza sambaza. Nilikuwa na miaka sita hivi. Mama alivuka kwenda Goma kuuza nyanya, na nyuma yake mpaka ukafungwa. Tangu siku ile sikusema neno. Jirani hakuniuliza kitu. Alinifunga mgongoni kwa kitenge, japo nilikuwa mkubwa na miguu yangu ilining'inia, akaendelea kugeuza samaki kwenye mafuta. Alipochoka, dada yake alinipokea, kisha mama mkwe wake. Watoto wakanicheka.

"Muache kucheka," jirani aliwaambia. "Maneno yake iko Goma na mama yake. Itarudi."

Siku ya nne, shavu langu likiwa kwenye jasho la shingo yake, nilisema nataka maji. Hakushangilia. Alininywesha tu, akarudi kazini.

Mpaka ulipofunguliwa, mama alikuja mbio, mikono ameinyoosha. Mimi nikajificha nyuma ya jirani, nikakishika kitenge chake kwa nguvu. Mama akasimama. Kisha akapiga magoti, siyo mbele yangu, bali mbele ya yule mwanamke.

"Aksanti, dada," akasema. "Sasa huyu mutoto ni wetu wawili."

Nikaondoka mlangoni pa binti yangu, nikaenda kubisha kwa jirani anayekaanga.