Ngumbao Achagua Spika kwa Kiganja

Mwaka wa tisini na sita, Mejumaa alimshika mumewe mkono akampeleka duka la spika karibu na Ngome ya Yesu, na watu waseme watakavyo. Kiziwi anunuliwe spika? Ndiyo! Ngumbao aligonga kutu za makontena kule Shimanzi, bandarini Mombasa, miaka kumi na minane, na nyundo zikamla masikio yote mawili. Tangu hapo hata kusema aliacha, mtu aliyekuwa akiamka na wimbo mdomoni. Mashine yake ya santuri ikabaki imefunikwa leso. Mejumaa alitaka kumrudishia muziki japo chembe, maana kimya cha nyumba ile kilimuumiza.

Na alianza kwa kukosea, masikini. Alidhani dawa ya kiziwi ni makelele.

"Nipe kubwa kushinda zote," akamwambia fundi Kioko, mwenye duka. "Zenye amplifaya humo humo ndani."

Kioko akapiga sahani ya santuri ya Ngumbao mwenyewe, waliyokuja nayo. Vioo vya kabati vikalia. Ngumbao akabandika kiganja kwenye spika, akatikisa kichwa.

"Zinatetemeka tu," akasema, sauti imemkauka. "Hazisemi neno."

Lo! Mejumaa hakuwa ameisikia sauti ile tangu Ramadhani.

Zikaletwa nyingine, ndogo, za mbao, hazina hata taa ya kuvutia macho. Ngumbao akaweka kiganja, akafumba macho. Kidole kikaanza kudunda. Halafu, subhanallah, akaimba! Ubeti wa pili, pale pale, hakutangulia wala hakuchelewa. Sahani ile ina mkwaruzo. Mara huruka, mara hupita salama. Siku hiyo ikaruka, na Ngumbao akaruka nayo papo hapo katika wimbo. Kioko akaiweka bisibisi chini. Mejumaa alikuwa akiambiwa Mungu ana milango mingi. Leo ameuona mmoja kwa macho yake.

"Hizi hizi," akasema Ngumbao.

Wimbo ulipokwisha, Mejumaa akauchukua mkono ule, akauweka kooni pake, juu ya buibui. Siku zote humwita Baba Kingi, maana mke mwenye adabu zake hamtaji mumewe jina mbele za watu. Leo akalitaja.

"Ngumbao."

Mzee akalipata jina kiganjani. Machozi yakamtoka.

"Ita tena," akasema.