Mluzi wa Babu Dahir

Babu yangu Dahir amefunza farasi tangu ujana wake Laikipia. Hata hapa Birmingham amewazoesha kunywa maji wakisikia mluzi, kama mifugo ya kwetu. Mwaka jana, baridi yake ya kwanza hapa, alimpigia farasi jike mmoja mluzi, asijue kwamba kati yao theluji imefunika mfereji wa mashua ulioganda. Barafu ikapasuka, jike akazama. Babu akaacha kupiga mluzi.

Jumamosi farasi mwingine aliugua bandani, akakataa maji.

“Babu, atakufa huyu! Mpigie basi.”

“Na yule wa mferejini akisikia?”

Mwishowe akapiga. Farasi akanywa. Nilishangilia, lakini Babu alitazama mlangoni, akasogea kando kumpisha farasi nisiyemwona.